Jicho Nisilopaswa Kulitazama

Rangi yenyewe ilikuja katika chupa ndogo ya kioo. Ilikuwa ya chungwa iliyokolea, lakini ukidondosha tone moja kwenye maji, inageuka papo hapo kuwa kijani kinachong'aa. Niliipenda rangi ile. Miaka ya tisini nilikuwa nesi wa chumba cha upasuaji katika hospitali moja ndogo huku kwetu kwenye chai, na siku za kliniki ya macho niliitumia kwa wachumaji waliochomwa na vijiti vya michai. Unagusisha jicho kwa kikaratasi kilicholowa rangi, unamulika kwa taa ya bluu, na mkwaruzo ambao hakuna mtu angeuona unajitokeza wazi. Wachumaji waliamini nina uganga. Mimi mwenyewe, pamoja na cheti changu ukutani, kuna siku niliamini hivyo.

Kisha akaanza kuja daktari wa macho kutoka Nairobi, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Alikuja kila baada ya wiki tatu, na mashine zake zikamfuata ndani ya masanduku manne. Mikwaruzo hakuishughulikia. Yeye alitoboa vitundu vitatu kwenye jicho, vidogo mno, akaingiza vyuma vyembamba hadi nyuma kabisa, kwenye retina, ule utando unaopokea mwanga. Alinichagua nimsaidie kwa kuwa mkono wangu hautetemeki na, alivyosema, kwa kuwa sina domo. Hilo la pili halikuwa kweli, ila sikubishana naye.

Alinieleza kwamba jicho limejaa ute mzito ulio safi kama maji ya chemchemi. Retina ikibanduka, ute huo lazima utolewe wote. Ukibaki hata uzi mmoja umeshikilia, unajikunja polepole, unaivuta retina tena, na mara ya pili huwa hakuna cha kuokoa. Tabu ni kwamba ute hauonekani. Utaondoaje kitu usichokiona? Ndipo akaomba chupa yangu. Alipofika mwisho wa kazi aliingiza rangi kidogo sana ndani ya jicho, akaisuuza, na ute uliokuwa umejificha ukabaki na ukijani wake, kama utando wa buibui kwenye chai asubuhi umande ukiushika. Kazi ya kuchanganya ile rangi ikawa yangu. Ikizidi inaweza kuliumiza jicho, ikipungua haionyeshi chochote.

Alikuwa na sharti moja. Hadubini yake ilikuwa na mahali pawili pa kutazamia, pake na pa msaidizi. Kabla ya kufunga jicho aliuliza, "Unaona kitu?" Nami nilipaswa kutazama pembe zote ndipo nijibu. Alisema anataka macho manne, kwani mawili huchoka.

Sasa niseme habari za mama mkwe wangu. Kwetu Wakipsigis, kwa watu wa rika lake, mume wa binti na mama wa binti hawapeani mkono. Hawali pamoja. Hawatazamani usoni, na mama mkwe halali nyumba moja na mkwe wake. Hiyo ndiyo heshima, na ukiizoea wala huioni kuwa mzigo. Wengi kanisani walikuwa wameshalegeza, wanashikana mikono baada ya ibada huku wakicheka. Mama mkwe aliimba kwaya ya akina mama tangu kanisa lao likiwa la matope, na hakulegeza hata kidogo. Nilikuwa mkwe wake kwa miaka tisa, lakini ungeniuliza sura yake ikoje ningebabaika. Nilichokijua ni viatu vyake vya plastiki, pindo la leso yake, na sauti.

Tukiwa chumba kimoja alisema nami kupitia kwa mke wangu.

"Mwambie mume wako mvua imekata njia ya huku juu."

"Mwambie mama nimeiona," nami najibu, nikiwa hatua tatu kutoka kwake.

Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, hata hakuinua kichwa kutoka kwenye madaftari aliyokuwa akisahihisha. Alijua ujumbe umefika.

Mama mkwe aliishi peke yake kule Boito, na mke wangu ndiye mtoto wake wa pekee. Jicho lake la kushoto lilipasuliwa na pembe ya ng'ombe kabla sijamjua. La kulia ndilo lililokamua, likachuma, likasoma Biblia. Tena lilichuma vizuri. Karani wa kituo cha kuuzia chai alikuwa hakagui kapu lake. Akiliona tu anasema pita. Siku moja, sijui kwa nini, akalimwaga juu ya gunia. Ndani mlikuwa na majani makuukuu magumu, vijiti, na kipande cha gugu. Karani akacheka akidhani ni mzaha. Mama mkwe akaokota majani yake yote, moja moja, akaenda nyumbani bila kuuza.

Alikaa na jambo hilo wiki nzima. Ndipo akamwambia binti yake kwamba mistari ya chai imepinda, na kwamba kuna kitu cheusi kinashuka kutoka juu kama pazia. Mke wangu alinisimulia huku akikata vitunguu, nami nikamchukulia kisu nikakiweka chini. Nilijua pazia hilo ni nini. Nilijua pia kwamba akipofuka hataweza kubaki Boito peke yake, wala hataweza kuishi kwetu, kwa sababu mimi nipo. Mwanamke yule angekosa mahali pa kuweka kichwa kwa ajili ya heshima yake mwenyewe.

Aliteremka na lori la majani ya chai, amekaa mbele na dereva, amevaa nguo za kanisani. Bahati ikawa daktari yupo wiki hiyo. Wakati wa kumpima nilisimama nje ya mlango, na nesi mwingine akashika taa. Nilisikia kila neno.

"Mama, ile ngozi ya nyuma ya jicho imebanduka," daktari alisema. "Tukingoja, jicho linaenda. Kesho asubuhi tutengeneze."

"Nani atakuwa hapo ndani?"

"Ni mimi na huyu nesi wangu wa thieta."

"Hapana, taktari. Huyo ni mutu ya msichana yangu. Yeye hawezi ona mimi. Hata mimi hawezi kubali."

Daktari alitoka nje akanitazama kwa muda. Nilidhani atanicheka, maana watu wa Nairobi hupenda kutucheka. Aliuliza tu kama kuna mwingine yeyote anayejua kuchanganya rangi. Hakukuwepo. Akasema basi mama aamue, ila asichukue siku mbili.

Jioni hiyo mke wangu alikaa naye wodini. Nami nilikaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha. Ningeulizwa ningesema nangoja habari, lakini kwa kweli nilikuwa nasikiliza. Jambo la rangi lilimkasirisha mama mkwe kuliko kisu.

"Rangi? Jicho langu ni uzi wa kufumia?"

Mke wangu akamweleza, kwa utaratibu, jinsi anavyoeleza hesabu. Ute hauonekani. Ukibaki unavuta. Rangi inauonyesha. Mama mkwe akauliza wanaingilia wapi. Vitundu vidogo, mama. Na wanaona ndani namna gani? Kwa taa nyembamba. Na wanasafisha na nini? Kijiti chembamba cha chuma.

"Hicho ni kibuyu," mama mkwe akasema.

Kila mwanamke wa kwetu anajua kuosha kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Mdomo ni mwembamba na tumbo ni kubwa, huoni ndani, unasugua kwa kijiti na kusikiliza kwa mkono. Kikibaki kipande cha maziwa ya zamani kimeng'ang'ania ukutani, maziwa mapya yanaoza.

"Ndiyo, mama. Ni kibuyu."

"Na mume wako ndiye anayejua kutia hiyo rangi?"

"Ndiye."

Kitanda kikalia akigeuka. "Basi wanifunike uso," akasema.

Daktari alipoambiwa alicheka kwa furaha. "Mama, tutakufunika mwili wote! Itabaki jicho tu."

Mama mkwe akaridhika. Mimi ndiye niliyeshindwa kumaliza chai yangu. Jicho tu!

Asubuhi akaingizwa akiwa amelala chali, mashuka ya kijani kutoka vidoleni hadi utosini, na katikati ya mashuka tundu moja la duara. Upasuaji huo ulifanywa kwa sindano ya ganzi kando ya jicho, kwa hiyo alikuwa macho na akili zake zote. Nilikaa upande wangu, nikapanga vyuma, nikachanganya rangi kwa makini kuliko siku zote. Kila kitu nilikitazama siku ile: meza, mikono ya daktari, saa, hata misumari ya dari. Kazi mojawapo ya msaidizi ni kudondosha maji juu ya jicho ili lisikauke. Nilidondosha kwa mazoea, nikihesabu pumzi zangu, macho yangu kwenye ncha ya bomba la sindano.

Hatukuwa tumefika mbali sauti ikatoka chini ya mashuka.

"Taktari. Ambia huyo mutu mguu yangu inauma."

Daktari hakuinua kichwa. "Mguu wake unauma," akaniambia, kana kwamba nilikuwa chumba kingine.

Nikaweka mto chini ya goti. "Mwambie mama pole," nikasema.

"Anasema pole, mama."

"Ambia yeye asante."

"Anasema asante."

Hivyo ndivyo bingwa wa macho kutoka Nairobi alivyofanywa mke wangu. Alifanya kazi hiyo vizuri, huku mikono yake ikisafisha.

Muda ukaenda. Rangi ikaitishwa, nikampa, ikaingia, ikasuuzwa. Nilimsikia akikata vipande vya mwisho, mashine ikilia tik-tik-tik. Kisha ikanyamaza.

"Kwangu ni safi. Wewe unaona kitu?"

Uso wangu ulikuwa kwenye hadubini, mahali panapostahili. Macho yangu nilikuwa nimeyafumba.

"Hakuna, daktari," nikasema.

Sitafuti sababu. Sikuamua kudanganya. Kope zilishuka zenyewe, kama zilivyokuwa zikishuka kila alipoingia nyumbani kwangu kwa miaka tisa, na mdomo ukajibu ili jambo liishe. Daktari akaanza kuandaa hewa ya kujaza jicho. Hewa hiyo ikishaingia, huwezi tena kutafuta ute.

Nami nikadondosha maji, kwa mazoea.

"Taktari," sauti ikatoka tena, ya chini, ya mtu anayeanza kuchoka. "Ambia yeye maji yake ni paridi. Lakini ni mazuri. Mimi najua ni yeye anaweka."

Mwanamke huyu alikuwa amelala pale ameniachia jicho lake la pekee. Alikuwa amevumilia aibu ambayo daktari hawezi kuijua, ili mimi nitazame. Na mimi, kwa kumheshimu, nilikuwa nimekataa kutazama.

"Daktari, ngoja," nikasema.

"Nini?"

"Sikutazama."

Mikono yake ikasimama palepale. "Hukutazama nini?"

"Jicho. Sijalitazama tangu tuanze."

Nilingoja anitoe thieta, na angekuwa na haki. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Rangi bado ipo. Sasa tazama. Usiharakishe."

Nikafumbua macho.

Nimeona ndani ya macho ya watu wengi na nimesahau karibu yote. Lile sijalisahau. Lilikuwa na wekundu wa udongo wa kwetu mvua ikishanyesha, na mishipa imegawanyika kama njia za miguu zinazoteremka mtoni. Sikuwahi kuona sura yake mezani, wala kanisani, wala siku niliyomwoa binti yake. Sasa nilikuwa ndani yake, mbali kuliko alikowahi kufika mtu yeyote, na nilitaka kumwomba radhi na kumshukuru kwa wakati mmoja. Nilizunguka pembe moja baada ya nyingine. Juu, safi. Upande wa pua, safi. Chini, pembeni kabisa, mahali ambapo daktari alilazimika kuinama ili aone, palikuwa na uzi. Ulikuwa kijani hafifu, umenyooka, umeshikilia retina kama mtoto anavyoshika sketi ya mama yake.

"Chini," nikasema. "Mkono wa kulia. Upo."

Akainama. Akavuta pumzi. "Nipe rangi tena. Kidogo."

Tone la pili likauonyesha wote, nao ulikuwa mrefu kuliko tulivyodhani. Akaukata vipande vipande huku nikitazama hadi cha mwisho. Aliporudia kuuliza nilikawia kujibu, na hakunihimiza.

Kwenye korido baadaye alivua kofia akanisema. Alinisema kwa dakika kumi, mbele ya mfagiaji, na sitarudia yote. "Ungeninyamazia, huyu mama angekuwa kipofu ndani ya miezi miwili, na mimi ningedhani ni kosa langu," akamaliza. Nililia. Akaniacha nilie, kisha akaniuliza kama hospitali ina chai ya maziwa.

Hewa ile ilimlazimu mama mkwe kulala kifudifudi kwa siku nyingi ili iisukume retina mahali pake, na barabara ya Boito ilikuwa ya mashimo matupu. Ilibidi abaki karibu. Nyumba ya karibu ilikuwa yangu, ya wafanyakazi, ng'ambo ya uzio. Kwa hiyo nikahama. Nilichukua blanketi langu nikaenda kukaa kwa fundi wa jenereta ya hospitali, kapera aliyepika ugali na sukuma wiki isiyo na chumvi mchana na jioni, kwa wiki tatu nzima, akiniambia chumvi inaharibu moyo. Chakula chake kilikuwa kibaya hadi nikaanza kukiota cha mke wangu.

Kila nilipotoka kazini nilisimama nje ya dirisha langu mwenyewe.

"Mwulize mama ameshindaje."

"Mwambie nimeshinda kama chura," sauti ikajibu kutoka kwenye godoro.

"Mwambie asigeuke."

"Mwambie sijageuka. Chura hageuki."

Baada ya wiki tatu masanduku manne yakarudi, na daktari pamoja nayo. Mama mkwe aliketi kwenye kiti cha kliniki, mke wangu kando yake. Daktari akatoa bandeji, akamulika, akasema retina imelala vizuri, imeshika. Lakini retina kushika ni jambo moja na kuona ni jambo jingine. Kuna zinazoshika zikabaki bila kazi. Akarudi nyuma hatua tatu na kuinua mkono.

"Mama, vidole vingapi?"

Mama mkwe akainua uso. Halafu akauinamisha ghafla, akatazama magoti yake.

"Mama? Hivi ni vingapi?"

Daktari akasogea mbele, akauliza tena, na safari hii sauti ya mwalimu mkuu ilikuwa imempotea. Mke wangu aliushika mkono wa kiti. Mimi nilikuwa nyuma ya daktari na sinia la dawa. Nilikumbuka ule uzi. Nilikumbuka pembe zote nilizozunguka, nikajiuliza ni ipi niliyoiruka.

Daktari akageuka, akaninyooshea kidole. "Na huyu aliyesimama hapa, unamwona? Kuna mtu hapa?"

Mama mkwe akavuta leso mbele ya uso wake. Akamgeukia binti yake na kusema kwa Kipsigis, kwa ukali:

"Mbona mume wako amekonda hivi? Shati limekuwa gunia! Nimechukua kitanda chake wiki tatu tu, nawe umeshindwa kumpelekea sahani?"

Mke wangu alifunika mdomo kwa mikono miwili. Alikuwa anacheka na kulia.

"Amesema nini?" daktari akaniuliza. "Anaona au haoni?"

Niliweka sinia chini kabla halijaanguka. Nilikuwa nikifikiri juu ya jambo moja tu. Ili ujue mtu amekonda, lazima uwe ulijua alivyokuwa. Miaka tisa nilikuwa nikitazama viatu vyake, nikiamini naye anatazama vyangu.

"Anaona, daktari," nikasema. "Anasema nimekonda."

Kisha nikainamisha kichwa, kama inavyopasa, nikamwambia mke wangu:

"Mwambie mama nitakula."